Kitanda cha Sebuleni

Siku ile mjinga nilikuwa mie. Naanza na hilo kabisa, maana watu wa mtaa wetu huku Chamazi wana tabia ya kukumalizia kisa kabla hujafika nusu, na wote wanajua kilivyoishia. Kilichobaki ni niwaeleze kilivyoanza, na ujinga wenyewe uko huko mwanzoni.

Naitwa Jabiri. Kazi yangu ilikuwa kupaua nyumba. Nusu ya mapaa unayoyaona ukisimama barazani kwangu nimeyaezeka mie, na likivuja moja ujue mwenye nyumba alinunua misumari ya bei chee. Miaka miwili na nusu iliyopita nilikuwa juu ya kenchi, zile mbao za kubebea bati, za nyumba moja Mbezi Beach, kamba sijafunga, nawapa mafundi wenzangu waliokuwa chini kisa cha bwana aliyekwenda kuposa na suruali ya kuazima. Nikarudi hatua moja nyuma niwaonyeshe alivyokuwa anatembea. Nyuma hapakuwa na kitu. Nikavunjika uti wa mgongo, usawa wa kitovu, na kutoka hapo kwenda chini mwili ukawa kama mpangaji asiyepokea simu. Kisa cha suruali sijakimalizia mpaka leo.

Nilikaa hospitali miezi mitatu na nusu. Siku ya kurudi nyumbani wakaniteremsha kwenye kiti mwendo, mke wangu Munira akaanza kunisukuma kuelekea chumbani kwetu. Nikamwambia ngoja. Nikaomba futi kamba yangu kwenye kapu la vyombo vya kazi, nikapima kiti, nikapima mlango wa chumba, nikatangaza mbele ya wote: kiti sentimita sitini na sita, mlango sitini na mbili. Hakuna aliyebisha. Nani ataanza kumfundisha fundi kusoma futi? Basi kile kitanda cha chuma tulichopewa na watu wa msikitini, kile cha kuinuka mgongo kwa kuzungusha mpini, kikafungwa sebuleni, kati ya makochi na runinga. Munira akabaki chumbani. Mie nikawa fanicha.

Sasa ukiwa sebuleni, wewe ni wa watu wote. Kwetu mgonjwa haachwi peke yake. Wiki za mwanzo nyumba ilifurika, na sikatai, ilinipa faraja. Lakini ugonjwa una desturi yake. Mtu wa malaria anatembelewa siku tatu nne, anapona au anazikwa, watu wanajua pa kuelekea. Mie sikupona wala sikufa. Nikawaharibia ratiba. Wakawa wanakuja tu, hawajui wataacha lini, na kila mmoja anaogopa kuwa wa kwanza kuacha.

Halafu tukaweka king'amuzi. Hapo nikaanza kuona huruma ya majirani ikipanda na kushuka kufuatana na ratiba ya ligi. Jumatatu nawapata wawili. Siku ya mechi kubwa nawapata kumi na tisa, wengine wamesimama mlangoni, wote wamekuja kunijulia hali kwa dakika tisini. Jirani yangu Nikodemu, mchonga vinyago wa kutoka Newala, alikuwa na imani kwamba timu yake haifungwi akiitazama kwangu. Akawa anakaa kitandani, juu ya miguu yangu. Nikimtazama ananiambia, "Braza, hapa hapaumi." Na kweli hapaumi.

Alikuwepo pia Bi Chausiku wa nyumba ya geti jekundu, aliyekuja kila siku na chupa ya uji wa lishe. Na Jumamosi hakosi baba yangu mdogo, Mzee Mbwana, anayetoka Kinondoni na kanzu yake iliyopigwa pasi. Anakaa kochi la kunikabili na kuwaeleza wageni nilivyoanguka, kwa ufundi mkubwa, kama vile alikuwa ameshika ngazi. Kila Jumamosi nyumba ya Mbezi Beach inaongezeka ghorofa. Nilianguka kutoka paa la nyumba ya chini; tulipofika mwaka wa pili nilikuwa nadondoka kutoka ghorofa ya nne, na Baba Mdogo akawa anashangaa nilivyo hai.

Na mie ndiye niliyekuwa nawachekesha wote hao. Mgeni anaingia na uso wa maziko, mie namtupia neno, anaondoka anafuta machozi ya kicheko. Wanatoka wanasema, "Yule bwana ana moyo." Ukishasifiwa moyo, umekwisha. Hupewi tena nafasi ya kuutua chini hata dakika moja.

Ishu ilikuwa usingizi. Ulinikimbia. Tangu nimerudi nyumbani nilikuwa silali, nikipata sana ni lepe moja alfajiri. Kuna maumivu ambayo daktari anasema hayapo pale ninapoyasikia, na kuna miguu, ambayo mchana imegoma kabisa, lakini giza likiingia inaanza kurukaruka kivyake kama iko kwenye ngoma ya singeli. Hayo nilimweleza daktari. Mengine sikumweleza mtu.

Sista Avelina ni muuguzi anayetuzungukia sie watu wa migongo nyumba kwa nyumba, na raba zake na begi lake. Ni mtu wa Songea, hacheki ovyo. Mara ya kwanza alipokuja nilimpa utani wangu bora, ule wa kwamba mie ndiye mwanaume pekee wa Chamazi asiyekanyaga matope masika yote. Akasubiri nimalize. Akauliza, "Na usingizi?"

"Nalala kama pono, sista."

"Pono mwenye macho mekundu hivyo sijamwona."

Akatoa kaunta buku jipya, akapiga mistari kwa rula. Tarehe. Saa. Amelala au yu macho. Akasema yeyote aliye karibu nami aandike anachokiona, mwezi mzima, halafu atarudi kulisoma, maana mgonjwa mwenyewe kwa usingizi wake si shahidi. Mpaka hapo alikuwa sawa. Kosa lake ni safu ya nne aliyoiongeza mwishoni: jina la aliyeona.

Mnatujua sie. Weka daftari mahali penye mgonjwa au maiti, acha nafasi ya jina, na hilo si daftari la usingizi tena. Hilo ni daftari la waliofika. Kila mtu anajua kwamba siku akifikwa na lake, litafunuliwa ukurasa kwa ukurasa kuangaliwa naye alifika mara ngapi. Habari zikazunguka mtaa mzima kabla ya magharibi. Watu waliokuwa wamesahau hata jina langu wakaja na kalamu zao wenyewe. Bwana mmoja wa mtaa wa pili alikuwa na safari ya Kilwa, akamtuma shemeji yake aje amwandikie kwamba ameniona.

Mie nikagundua siri. Nikifumba macho, wanashusha sauti, wanaandika "amelala", wanaweka jina, wanaaga, wanatoka. Nikifumbua, wanavuta kiti kunisimulia habari za jamaa yao aliyevunjika mgongo kama wangu, kijana mzuri, akafa. Basi nikawa nafumba. Saa nne asubuhi nikisikia hodi, nafumba. Saa sita nafumba. Isipokuwa siku za mechi. Siku hizo nifumbe, nifumbue, nikate roho, hanyanyuki mtu. Nilikuwa nafumba macho mchana kutwa bila usingizi, na usiku nayafumbua, usingizi haupo vilevile. Na nilijiona mjanja.

Mwezi ukaisha. Sista Avelina akarudi Jumamosi moja saa kumi alasiri, siku ambayo timu ya Nikodemu ilikuwa inacheza uwanja wetu wa hapa Chamazi. Uwanja uko karibu kiasi kwamba goli tunalisikia kwa masikio kwanza, halafu runinga inakuja kutuonyesha nyuma yake. Nikodemu alikuwa juu ya miguu yangu. Bi Chausiku alikuwa na chupa yake. Baba Mdogo alikuwa ameshafika ghorofa ya nne. Wengine watano sita walikuwa sakafuni. Munira alikuwa uani anakuna nazi.

Sista akapunguza sauti ya runinga, jambo ambalo sijawahi kuona mtu analifanya na kubaki salama. Akafungua daftari, akaanza kusoma.

"'Jumanne, saa tisa alasiri. Mgonjwa amelala fofofo. Tumemwangalia dakika tisini na nyongeza nne. Nikodemu.'"

"Nyongeza zilikuwa sita," Nikodemu akasema, "ila kalamu iliisha."

"'Mimi Chausiku wa geti jekundu nimefika na uji. Amelala. Uji nimeunywa mwenyewe usije ukapoa.'" Akageuza ukurasa. "'Mbwana bin Faraji, baba mdogo wa mgonjwa. Nimemkuta amelala. Nimemsomea dua ndefu, hakuitikia amina.'"

"Hakuitikia," Baba Mdogo akathibitisha.

"Tarehe tisa," Sista akaendelea, "saa nane mchana, watu watatu wameona. Wa kwanza anasema kalala chali. Wa pili kalala ubavu. Wa tatu anasema alikuwa anakula ugali." Akaniangalia. "Kaka Jabiri, kwa daftari hili, mwezi mzima ulifumbua macho mara nne, na zote palikuwa na mpira. Mtu anayelala hivi simpi dawa ya usingizi. Namwitia gari."

Watu wakacheka. Mie nikacheka kuliko wote. Yeye akafunga daftari, akawaomba wageni watupishe kidogo azungumze na mgonjwa wake.

Wakatoka, sikatai. Miili ikatoka. Vichwa vikabaki dirishani, kimoja juu ya kingine kama mafungu ya nyanya, cha Baba Mdogo kikiwa katikati kwa heshima ya umri.

"Unafumba macho wasikusumbue," Sista akasema.

"Sista, wewe ni mpelelezi."

"Na usiku?"

"Nimeshakwambia. Pono."

Munira akaingia, mikono yote ina tui. Kanga kajifunga kwa kazi. Hakuniangalia. Akamwambia muuguzi, "Dada Avelina, ligeuze hilo daftari. Anzia nyuma."

Sista akaligeuza juu chini, akafungua kutoka mwisho. Kulikuwa na maandishi. Sikuwa nimewahi kuyaona, maana nani anafungua daftari kutoka nyuma? Akasoma ukurasa wa kwanza kimya. Akasoma wa pili. Halafu akaliweka kifuani kwangu, likiwa wazi.

Ni mwandiko wa Munira. Safu ya jina aliiacha tupu kila mstari.

"Saa saba na nusu. Macho. Anahesabu misumari ya bati kwa sauti ndogo. Anapoteza hesabu, anaanza upya.

Saa nane na robo. Nimekwenda kumgeuza ubavu. Kajifanya amelala. Akilala kweli mdomo unabaki wazi.

Saa tisa. Analia. Kauma shuka.

Saa tisa na dakika arobaini. Anaongea na miguu yake. Anaiomba msamaha."

Nikageuza. Ukurasa mwingine, na mwingine. Usiku ishirini na tisa, haukukosekana hata mmoja.

Niwaeleze kitu kuhusu nyumba yangu. Haina dari. Kuta za vyumba zimeishia chini ya kenchi, na kutoka hapo mpaka bati kuna uwazi wa kupita paka. Ukipiga chafya jikoni, chumbani wanakuambia afya. Dari nilimwahidi Munira mwaka tuliooana, na kila mwaka nikawa naweka dari za watu wengine. Mie, fundi wa mapaa, niliyezijua hizo kuta urefu wake kwa sentimita, nililala chini ya bati lile miaka miwili nikiamini nalia peke yangu.

"Haya ya huku nyuma ni kweli?" Sista akauliza.

"Ni kweli."

"Kuna siku umetamani kusipambazuke?"

Nikatafuta utani. Niliupapasa kama unavyopapasa mfuko wa aproni ukiwa juu ya paa, unajua msumari upo, lazima upo, uliweka konzi nzima asubuhi. Haukuwepo hata mmoja. Munira alikuwa anafuta tui kwenye kanga, kidole kimoja kimoja.

"Nyingi," nikasema.

Sista Avelina hakunipa pole. Namshukuru mpaka leo kwa hilo, pole nilizo nazo zinatosha kufungua duka. Alivuta kigoda akakaa karibu, akasema wengi anaowazungukia wamepita hapohapo, kwamba mgongo ukivunjika na moyo nao unaumia, na watu wanafunga bandeji sehemu moja tu. Akasema yupo mshauri pale kliniki, na Jumatano kuna kikao cha wenzangu wa viti, wanaongea, wanagombana, wanacheza bao. Dawa ya ile miguu atamuuliza daktari. "Lakini la kwanza ni rahisi," akasema. "Hapa kwenye makochi na runinga hata mimi mzima nisingelala. Kwa nini huko chumbani hulali?"

"Mlango, sista. Kiti sitini na sita, mlango sitini na mbili. Hesabu haina huruma."

Munira akaondoka. Nikadhani amerudi kwenye nazi yake. Akarejea na futi kamba yangu, ile ya manjano yenye alama za lami, akaenda mlangoni pa chumba, akaivuta.

"Nikodemu," akaita, "wewe unachonga, unajua kusoma vipimo. Njoo usome."

Kichwa cha chini kabisa kikatoka dirishani, Nikodemu akaingia akijipangusa magoti. Akainama. Akasoma. Akavaa miwani, akasoma tena. Akaja akapima na kiti. Akarudi mlangoni.

"Kiti sitini na sita," akasema. "Mlango sabini na nne."

Nikodemu akanigeukia na macho ya mtu aliyekumbuka kitu kibaya.

"Braza," akasema. "Si ni wewe uliyepaua nyumba yangu?"

Dirishani kikaruka kicheko, kikazimwa na Baba Mdogo. Munira hakucheka. Aliachia futi kamba, ikajirudisha yenyewe kwenye gamba lake, tak.

"Nilipima wiki ileile uliyorudi," akaniambia. "Nikasubiri useme mwenyewe."

"Mbona hukuniuliza?"

"Nikuulize nini? Mwanaume kaiba sentimita kumi na mbili za mlango ili asilale na mkewe. Nilijua hilo ndilo jibu. Nikawa naandika nyuma ya daftari, nikasema huenda dada huyu akija atanifahamisha nimekosa nini."

Hapo ndipo nilipouona ujinga wangu ukiwa umesimama wima, wenyewe unaweza kusimama. Miaka miwili niliamini namficha Munira aibu yangu. Kumbe yeye yuko upande wa pili wa ukuta usiofika juu, ananisikia nalia, na anafikiri nalia kwa kuwa nimemchoka yeye.

Nikamwambia. Nilishusha sauti, ingawa nilijua fika dirisha linasikiliza kwa mwili mzima. Nikamwambia kwamba miguu hii usiku inapiga mateke bila kuniuliza, ningemtoa jicho. Kwamba nina mfuko wa mkojo unaoning'inia, na siku moja ulichomoka hospitali, godoro zima likalowa, na muuguzi aliyekuja alikuwa binti wa umri wa mdogo wangu. Kwamba chumba kile kinanijua nikiwa mtu mwingine. Sikutaka kinione hivi. Sikutaka yeye anione hivi, akiwa amelala pembeni, hana pa kugeuzia uso.

"Umemaliza?" akauliza.

"Nimemaliza."

"Jabiri, ulipokuwa mzima ulikuwa unakoroma, unaninyang'anya shuka, na ukilala njaa unasaga meno. Nilikuhamishia sebuleni?"

"Hapana."

"Mfuko wa mkojo nani anaumwaga kila asubuhi?"

"Wewe."

"Basi unamficha nani?"

Uwanjani kukalipuka. Sauti ya watu elfu ngapi sijui ikapita juu ya mabati yetu, goli, na sekunde kadhaa baadaye runinga, kwa sauti yake ndogo, ikaonyesha wachezaji wanakimbilia kona wanarukiana. Ilikuwa timu ya Nikodemu. Nikodemu alikuwa ameipa runinga mgongo, anatazama boliti za kitanda changu.

"Hizi ni namba kumi na saba," akasema. "Spana ninayo nyumbani. Kitanda tukikifungua kinaingia vipande vipande, tunakifunga kando ya kile cha kwenu. Nusu saa."

"Kalete," Munira akasema.

Sasa ndipo Mzee Mbwana alipoingia. Hakupitia dirishani, alipita mlangoni kama mwenye haki zake, akakohoa, akakaa kwenye kochi lake, akaweka fimbo katikati ya magoti. Bi Chausiku akamfuata na chupa, na nyuma yake wale wengine.

"Shikamoo tena, baba," Munira akasema.

"Marahaba. Mwanangu, jambo la ndani ya nyumba halina papara. Haya ya usingizi nimeyasikia, nimeumia. Lakini mgonjwa kuwekwa sebuleni si mzaha, ni heshima. Marehemu kaka yangu, baba yake huyu, aliugulia sebuleni miezi minane. Hakulala siku moja bila kuonwa na watu."

"Alikuwa analala, Baba Mdogo?" nikauliza.

"Halali mtu anayeheshimiwa," akasema, na sidhani alisikia alichokisema. "Sasa mtu anatoka zake Kinondoni, katoka Temeke huko, katoka Mbagala, kafunga safari kumwona mgonjwa. Anafika. Makochi yapo, mgonjwa hayupo. Anaambiwa yuko chumbani na mkewe. Mnataka tuitweje?"

"Na daftari?" Bi Chausiku akauliza. "Mtu ataandikaje amemwona wakati hajamwona?"

"Kuna hilo," mmoja akasema.

"Mwingine atasema tumemficha," Baba Mdogo akaendelea, amepata upepo. "Mwingine atasema kuna jambo, anafichwa kwa sababu kuna jambo. Mwingine ni mkwe, haingii chumbani. Mwingine ni mwanamke wa watu. Mimi mwenyewe, baba yake mdogo, niende kugonga chumbani kwa mke wa mwanangu? Kwa adabu gani?"

Sista Avelina akachukua kalamu. Aliona mambo haya hayako kwenye begi lake. Akaanza kuandika jina langu kwenye karatasi ya Jumatano, pole pole, herufi kubwa.

Nikodemu alikuwa amesharudi na spana. Akasimama mlangoni, anamwangalia mzee, anaangalia boliti, anamwangalia mzee.

Mie nilitakiwa kusema neno. Kitanda ni changu, mlango niliudanganya mie, baba mdogo ni wangu. Lakini miaka yote hii kwa yule mzee nina neno moja tu, nalo ni ndiyo, na nikiwa nimelala chali mbele ya kanzu ile narudi kuwa na miaka saba. Nikamtazama Munira. Akaniuliza kwa macho. Nikamwitikia kwa kichwa: nipeleke.

Akaja akasimama upande wangu wa kichwani, akaweka mkono juu ya chuma cha kitanda.

"Wewe ndiye mke," Baba Mdogo akamwambia, kwa upole sasa, kama mtu anayemalizia. "Hebu nieleze mwenyewe, mwanangu, ili na mimi nikawaeleze watu. Wakija kumjulia hali mgonjwa, niwaambie wamwone wapi?"

Munira akapiga goti kidogo, kwa adabu, kama anavyompigia siku zote.

"Waambie mgonjwa wakamtafute hospitali, baba. Humu amebaki mume wangu, na mume wangu chumbani hapokei wageni."